Baba, Vitu vya Mama Njeri Havikuwa Kwangu

Kaptagat, Eldoret
Jumatano

Shikamoo Baba,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Naamini siku unayoisoma barua hii umeamka vizuri, na goti lako limekubali kupanda kile kilima cha kanisani bila kupumzika mara tatu. Mama hajambo? Kifua chake kimepoa tangu mvua zilipokatika? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado mnahesabu miezi? Mimi mwilini sijambo kabisa. Nakula, nalala, mikono yangu inafanya kazi. Kisichokuwa sawa hakiko mwilini, na ndicho kilichonifanya nitafute karatasi.

Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Barua hii isome mwenyewe. Vaa miwani, kaa nyuma ya nyumba pale penye mwanga, wala usimpe Paulina akusomee, maana dada yangu husoma kwa sauti ya matangazo, na majirani watakuwa wamejua kabla wewe hujafika ukurasa wa pili. Ningeweza kupiga simu. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza bei ya vitunguu saumu.

Baba, vitu vya Mama Njeri havikuwa kwangu wakati wa uchaguzi. Nilikudanganya. Nimeliandika mapema kwa sababu najijua, ningeliacha mwisho nisingelifikia.

Unakumbuka nilivyoondoka Mbulu nikisema nakuja Kenya kukimbia na wenye mbio zao. Nilikimbia nao miaka miwili, msuli wa paja ukakataa, nikabaki kuwachua wale niliotaka kuwashinda. Silalamiki. Kila siku baada ya mazoezi wanariadha wa kambi yetu wanapanga foleni kwenye benchi langu huku wakibishana. Wanaanza na viatu, viatu vikiisha wanaingia kwenye siasa. Kwetu mtu akitaka kumsema diwani huangalia kwanza nani amekaa nyuma yake. Hapa wanamsema diwani, mbunge na aliye juu ya hao wote, na chai inaendelea kunyweka. Hilo nililipenda tangu mwanzo na bado nalipenda. Nilidhani watu wanaosema yote namna hiyo hawawezi kuogopana.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la Mama Njeri, yule niliyekuwa nakutajia kwenye simu. Watu wake wanatoka Nyandarua, upande wa kati, lakini yeye alifungua duka hapa kabla mimi sijajifunza kutembea. Anauza sukari na unga, anashona sare za shule, na juu ya kaunta ana televisheni. Kukiwa na mbio, senta nzima, yaani watu wote wa hapa madukani, huhamia kwake. Mzee Kimutai, mkulima wa mahindi ambaye shamba lake linapakana na senta, hukaa kiti cha mbele na kuwaelekeza watu wengine pa kukaa, na kila mwanariadha anayetokea kwenye kioo, Mzee atakwambia alimnywesha maziwa akiwa mdogo.

Siku moja kulikuwa na marathoni ya huko Ulaya, na aliyekuwa mbele alikuwa kijana wetu, wa Hanang. Niliwahi kukimbia naye mashindano ya mkoa. Nilimtambua kwa jinsi anavyobana kiwiko cha kushoto, hata kabla mtangazaji hajamtaja. Moyo ulinienda mbio kwa furaha. Kisha Mkenya akaanza kumkaribia, duka likachangamka, na watu wawili watatu wakageuka kunitazama. Unajua nilifanya nini? Niliinuka nikamshangilia yule Mkenya kuwapita wenyewe. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na kijana wa Hanang akaachwa kilomita mbili za mwisho. Mama Njeri peke yake ndiye aliyeshangaa.

"Joshua, si huyo wa kijani ni wa kwenu?" akaniuliza. "Si umshangilie. Hakuna mtu atakukula hapa."

Nikasema mchezo ni mchezo tu. Mzee Kimutai akanigonga begani, akasema, "Huyu sasa ni wetu." Baba, neno lile lilinikolea. Nilitembea nalo wiki nzima. Nimetafuta aibu yangu ilianzia wapi, na kila nikirudi nyuma naikuta pale kwenye benchi la duka.

Kisha ukaja msimu wa kura. Watu wale wale waliosema "tumeshinda" na kunywa soda za Mama Njeri wakaanza kutaniana kwa majina ya ukoo, nani anatoka wapi, nani atampigia nani. Mageti ya upande wetu yakabandikwa mabango ya mgombea mmoja. Mzee Kimutai alibandika matatu, na la nne kwenye trekta. Dukani kwa Mama Njeri hapakuwa na bango. Sikusikia mtu akimtukana, hata mmoja. Walipunguza tu kukaa. Mtu alinunua mkate akaondoka nao akiwa bado anahesabu chenji.

Mimi nilipewa kofia kwenye mkutano wa hadhara, nikaivaa. Mzee Kimutai aliponiona alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe hata kura huna," akasema. "Kofia ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya jua. Hapa Kaptagat, Baba, kwa miti ilivyo, jua lenyewe tunalisubiri mpaka saa nne.

Wiki moja kabla ya kura, Mama Njeri alikuja mlangoni kwangu alasiri. Hakuingia. Wenye maduka kama yeye, wanaoishi mbali na kwao, wengi hufunga wakati wa uchaguzi kwa kuogopa fujo na kwenda kukaa na ndugu zao mpaka mambo yatulie. Vitu vya thamani humwachia mtu. Hapa ni jambo la kawaida, wanalifanya bila kulisemea sana.

"Nataka kukuomba kitu," akasema. "Naenda kwetu mpaka kura iishe. Si ati kuna shida, ni watoto wananisumbua na simu. Naeza kuwekea kwako vitu zangu? Ni TV, cherehani, na karatasi za ploti. Wewe ni wa nje, hakuna mtu atakuuliza."

Nilikuwa na nafasi. Chumba changu kina kitanda, jiko na benchi la kuchulia. Lakini niliona macho ya senta nzima yakinitazama nikibeba televisheni ya Mama Njeri. Niliona lile neno "wetu" likiondoka. Nikamwambia mwenye nyumba hataki vitu vya watu humu ndani. Mwenye nyumba anaishi Ziwa, mji mwingine kabisa, Baba, anakuja mara moja kwa mwezi na hajawahi kuniuliza hata nina vijiko vingapi.

Akasema, "Sawa. Usijali." Kesho yake akaja kuniaga. Nilisikia hatua zake, nikakaa kimya kitandani mpaka akaondoka.

Siku tatu baadaye ukapiga simu. Redio za huko zilikuwa zimekutisha, ukataka kujua kama niko salama, na baada ya hapo ukauliza, "Na yule mama wa duka?" Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. Nikasema vitu vyake viko kwangu, viko chini ya kitanda. Kisha ukasema, "Hapo nimekulea." Ukanikumbusha baba mdogo alivyokaa na ng'ombe wa jirani miaka sita, mwenye ng'ombe akiwa mgodini, na jirani huyo alivyorudi akakabidhiwa ng'ombe na ndama wake wote. Mimi nikasema ndiyo, Baba. Ndiyo, ndiyo. Nilipokata simu nilitazama chini ya kitanda. Kulikuwa na ndala zangu na ile kofia.

Kura zilipigwa, zikahesabiwa, watu wakakaa ndani siku chache wakisikiliza redio, kisha senta ikafunguka. Hakuna aliyeguswa huku kwetu. Mama Njeri akarudi. Asubuhi hiyo nilikuwa nafua nje, nikaona trekta ya Mzee Kimutai, yenye bango lake bado, ikirudi nyuma kuelekea mlango wa duka. Nyuma yake kulikuwa na televisheni iliyofungwa blanketi, na cherehani.

Vitu vilikuwa kwa Mzee Kimutai. Vilikuwa kwenye stoo yake, nyuma ya magunia ya mahindi, na funguo alikuwa nazo yeye. Mzee wa mabango manne. Mtu ambaye macho yake ndiyo niliyoyaogopa kuliko yote.

"Umejaza TV yangu vumbi ya mahindi," Mama Njeri alikuwa anamwambia.

"Cherehani yako imenivunja mgongo," Mzee akajibu. "Next time upigie mtu wangu kura ndio nikubebee."

"Hiyo utangoja."

Walikuwa wanacheka, Baba. Wamegombania siasa miaka yote niliyokaa hapa na wataendelea kugombana, wala hakuna aliyebadili mawazo. Kumbe kelele zao zina kitu chini yake, na mimi nilisikia kelele tu. Niliwadhania ubaya ambao hawakuwa nao, nikaufanya mimi. Niliinamia beseni nikaendelea kusugua shati ambalo lilikuwa limeshatakata.

Nilidhani yataishia hapo. Nikaanza kununua sukari senta ya pili, mwendo wa nusu saa. Kisha Samweli, yule mfanyabiashara wa mitumba anayekuja huku kila mwezi, akaniletea ndoo ya asali kutoka kwako, na kikaratasi chako. "Kwa mama wa duka. Asante kwa kumwamini mwanangu." Samweli akaniambia pia kwamba ulisimama kanisani, wewe mzee wa kanisa usiyependa kusimama, ukasimulia kuhusu mwanao aliyetunza mali za jirani ugenini, na mchungaji akaniombea kwa jina.

Asali yako ilikaa chumbani kwangu siku tisa. Nitakwambia yote: nilifikiria kuwapa wanariadha waitie kwenye chai, kisha nikwambie imefika. Nilikuwa nimekwisha kupanga hata maneno ya shukrani ambayo ningesema Mama Njeri ameyatoa. Kilichonishinda ni mwandiko wako. Ile "a" ya kwenye "kumwamini" ulikuwa umeirudia mara mbili ili isomeke. Sikuweza kulala kwenye chumba kimoja nayo tena.

Nikabeba ndoo nikaenda mchana, duka likiwa na watu, ili nisipate njia ya kugeuza maneno. Nikamwekea kwenye kaunta, nikampa kikaratasi. Alikisoma, akaniangalia, akakisoma tena.

"Kwa hivyo mzee wako anajua niliweka vitu zangu kwako."

"Ndiyo, Mama."

"Na ni wewe ulimwambia hivyo."

"Ni mimi."

Akamhudumia mteja, nusu kilo ya unga, akampa chenji yake. Kisha akasema, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira, "Siku ile nilikuja kukuaga nilijua uko ndani. Redio yako ilikuwa inaongea. Nilitaka tu kukwambia usijisikie vibaya, hata mimi ningeogopa."

Nilisema samahani, ikatoka ndogo mno kwa mahali pale. Akafunika ndoo kwa kitambaa, akaisogeza upande wake wa kaunta.

"Asali nachukua," akasema. "Hiyo ni ya mzee. Wewe bado hujaniletea kitu."

Tangu siku hiyo nanunua sukari kwake. Ananiuzia kama anavyomuuzia mtu yeyote. Zamani alikuwa ananiwekea kiporo cha mukimo, vile viazi vyao vya kupondwa na mahindi, sasa haniwekei, na sidai. Kofia nimeitia motoni, ingawa nayo haikunikosea kitu.

Mlinilea kujua kwamba mali ya mtu mwingine ikikaa kwako ni heshima uliyopewa. Mimi nililetewa heshima hiyo mpaka mlangoni nikaikataa, kisha nikaivaa mbele yenu. La kwanza ni woga, na woga unaweza kumpata mtu. La pili sina jina lake. Kila nikifikiri ulivyosimama pale kanisani na goti lile, natamani uso wangu ufunikwe.

Mwambie Mama sweta aliyonifumia bado inanitosha, na nampenda. Paulina mwombe radhi kwa kumnyima barua, atanisema nikija. Mpe salamu zangu baba mdogo, yule wa ng'ombe wa jirani, na usimsimulie haya mpaka mimi mwenyewe nikae mbele yake. Mchungaji mwambie aliniombea kwa jina langu lakini kwa kazi ya mtu mwingine. Hao waliokusikia kanisani nitawaeleza Desemba nikifika. Nitasimama mimi, wewe ukae.

Barua hii nampa Samweli leo, akufikishie kabla ya Jumapili, na nitakwambia haraka ni ya nini. Mama Njeri aliniomba namba yako ya simu. Nikampa. Anataka kukushukuru kwa asali Jumapili baada ya ibada. Aliniambia waziwazi, "Sitamwambia kitu hajaniuliza. Lakini akiniuliza vitu zangu zilikuwa wapi, siwezi kudanganya mzee wa watu." Nakujua ulivyo na adabu, utapokea shukrani, utauliza hali ya watoto wake, na utaliacha hilo lipite ili usiniaibishe.

Usiliache lipite, Baba. Muulize.

Mwanao,
Joshua