Mayai Mekundu ya Monemvasia

Argyro, Fotis,

Tangu Jumatatu ile ya Februari tulipomzika baba yenu, hakuna aliyethubutu kutaja Pasaka ya Monemvasia. ~~Mwaka huu tutabaki hapa Athene.~~ Hapana. Tunakwenda leo.

Dengu ziko jikoni. Fotis, chukua koti, upepo wa kule unaujua.

Asubuhi, kwa kuwa ni Alhamisi Kuu, nilichemsha mayai niyatie rangi nyekundu. Shangazi yenu Stamata akaingia. "Wifi, una wazimu? Nyumba yenye msiba haipaki mayai rangi! Wafiwa huletewa na majirani."

"Majirani gani, wifi? Humu ghorofani hata jina langu hawalijui."

Akalia, akabamiza mlango, akaenda zake.

Tangu hapo naizunguka meza hii, siwezi kukaa. Alisema kweli. Lakini kule, kwenye mtaa aliokulia baba yenu, watatugongea mlango na mayai mkononi. Sitaki mle Pasaka bila yai jekundu ~~kama mayatima~~.

Nimekwenda kumwomba shangazi radhi na kumwambia naye afunge begi. Basi linaondoka saa nane mchana.

Mama yenu