Mwenye Kofia Nyekundu Alihesabiwa Mara Tatu

Kaloleni,
Nairobi.
9 Oktoba 1988

Mpendwa dada Truphena,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo huko Lusaka? Kifua kimekuachilia, au bado unawauguza wengine huku ukikohoa mwenyewe? Sisi tu wazima. Tumbo langu linazidi kunitangulia. Nikifika kazini relini, lenyewe limeshaketi.

Unakumbuka ule mchezo wa vichekesho tulioutazama kwenye televisheni ya holi la mtaa ulipokuja likizo? Karani anahesabu mbuzi wanne, na kila aliyehesabiwa anazungushwa nyuma ya kibanda, anarudi, hadi wanafika arobaini. Ulicheka ukamwaga chai.

Basi juzi nimeuona tena, bila televisheni.

Tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa chama hapa mtaani. Siku hizi hakuna karatasi za kura. Unapanga mstari nyuma ya picha ya mtu wako. Mwalimu Mulwa alinifanya wakala wake. Mstari wake ulizunguka uwanja. Wa Gachanja, yule mwenye baa, haukufika hata golini. Karani akaanza kuhesabu wa Gachanja. Waliohesabiwa wakapita nyuma ya holi, wakaja kusimama mkiani. Mwenye kofia nyekundu alihesabiwa mara tatu, dada, na mara ya tatu alimsalimu karani kwa jina.

Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikaangua kicheko. Karani akapaza sauti: "Mnaona? Hata wakala wa Mulwa amefurahi!" Gachanja akatangazwa mshindi.

Yule karani wa kwenye televisheni angalau alitupa jicho pembeni, asionekane. Hawa walitutazama usoni. Uchafu mtupu!

Nilikataa kutia sahihi fomu ya matokeo. Kesho yake Gachanja akaja mlangoni, akaupapasa ukuta. "Obura, hii ni nyumba ya baraza la jiji. Wanaoingojea ni wengi."

Phelister wangu akamjibu kutoka jikoni, "Basi wahesabu, shemeji. Mara moja kila mmoja."

Ijumaa kamati ya rufaa imeniita nieleze nilichokiona. Nitaeleza. Phelister ameshatia vyombo kwenye gunia, kwa hiyo barua ijayo ikitoka mtaa mwingine, usishtuke.

Nisalimie shemeji Nzuki na watoto. Shangazi Mirriam anauliza kama huko mnapata omena, dagaa wetu wa ziwani. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Na ukipiga magoti, niombee jambo moja tu. Nimesikia shahidi wa Gachanja ni yule wa kofia nyekundu. Niombee nisicheke.

Ni mimi kaka yako akupendaye, tumbo na vyote,
Gordon Obura