Vijiti Vipo, Mama Mkwe

Kosa la wengi wetu ni kudhani nyumba isiyo na mtoto lazima ina ugonjwa. Mkunga aliyeniandikia anajua fika kuwa si hivyo, na bado barua yake imeniacha mdomo wazi.

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana juzi kliniki nimeshavaa glavu, trei iko tayari, nafungua pazia nimwekee mteja kijiti cha kuzuia mimba, nakuta aliyekaa kitandani ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee, ambaye tangu waoane naombea anipe mjukuu, na wodi yetu ya wazazi siku hizi vitanda vitupu, hata huwa nawatania wenzangu kwamba kimoja nimemwekea yeye, basi nikajikuta nasema, "Vijiti vimekwisha." Akaitazama trei. "Na hivyo, Mama?" "Hivyo vina mwenyewe." "Mwenyewe si ndiye mimi?" Nikamuuliza kama mumewe anajua, akasema, "Anajua, tumekubaliana. Ila kwako kila tukinawa mikono tule unauliza mjukuu, tungesemea wapi?" Akaondoka bila kijiti, na tangu hapo hapokei simu yangu. Je, niitishe kikao cha ukoo, au nimbane mwanangu kwanza?

Kikao cha ukoo! Dada yangu, unataka kumwanika mteja wako mbele ya mashemeji? Yaliyosemwa nyuma ya pazia hubaki huko, hata kama aliyesema anakuita Mama.

Uchungu wako nauelewa. Kutamani mjukuu si dhambi. Lakini watu siku hizi wanazaa wachache, tena kwa kuchelewa, na wengine hawazai kabisa, kila mmoja kwa sababu zake. Kazi ya mkunga si kujaza wodi. Ni kumpa mwanamke ukweli wote, kisha kumwacha achague. Wageni unawapa haki hiyo kila siku. Wa kwako umemnyima kwa uongo, trei ikiwa mbele ya macho yake! Akishika mimba asiyoitaka, utamzalisha kwa uso gani?

Mwanao usimbane. Habari za mjukuu ziache mpaka wao wenyewe wazianzishe. Na kijiti hicho usikiweke wewe.

Leo, kabla hujavua sare, mtumie mkamwana wako ujumbe: "Nilikudanganya, nisamehe. Vijiti vipo, na mwenzangu atakuhudumia."