Chumvi ya Posa Yangu Imerudi

Mji wa Baraka, Jumanne

Kwako yaya Salima, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, na mama umpe nusu. Mgongo wake unaendeleaje? Na mguu wako ulioumia shambani, umepona? Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho kinaniuma, na sehemu ya maumivu hayo ni yako.

Uliniandikia: usiende kuposa mikono mitupu, peleka chumvi, kama baba alivyomposa mama. Nikasikia. Nilifika hapa kwa miguu, siku kumi na moja, nikiwa na sindano nne tu. Leo cherehani ni yangu, sikusaidiwa na mtu. Basi nikanunua kilo tatu za chumvi nyeupe, nikazipima mara mbili, nikaenda lubunga, nyumba ambamo wanaume wa mtaa hula pamoja. Baba yake Furaha, binti ninayetaka kumwoa, ni mvuvi; alikuwa anakula na wenzake, wote tisa. Nikaweka mfuko katikati.

Wote tisa wakatoa mikono kwenye sahani.

“Mula-chumvi anatuletea mushahara yake!” mmoja akacheka. “Leo umeuzisha nani, fundi?”

Baba Furaha hakucheka. “Ondoka, mutoto ya batu. Hapa tunakula.”

Nikaondoka, mfuko nikauacha palepale. Yaya, hilo neno mula-chumvi sikulijua. Nikamwuliza mama mwenye nyumba yangu. Akafunga mlango kwanza.

“Mula-chumvi ni ule anapelekea polisi majina. Zamani, batu wakikimbilia pori, poste ya polisi ilikuwa inalipa kikombe moja ya chumvi kwa kila muntu anaonyeshwa. Jina hiyo ilitokea pale.”

Kesho yake mchungaji wa ng’ombe kutoka milima ya Minembwe alileta koti nimshonee. Akasema huyo mama anadanganya, neno lilishuka na wachungaji kutoka mlimani: ng’ombe anafuata mkono wenye chumvi mpaka kwenye kisu. Nimwamini nani? Na kama ni kikombe kwa mtu, kilo zangu tatu ni vikombe kumi na viwili. Waliokamatwa mtaani ni watatu tu!

Ndiyo, watatu, waliokimbia kazi ya pamba. Wamepelekwa gerezani Fizi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nashona vifungo vya kaptula za polisi, ishirini na saba, barazani, mchana, kila mtu akiona. Mpelelezi gani anafanya kazi yake barazani? Nimewaambia. Wananijibu: “Ndiyo, fundi,” halafu wanapeleka vitambaa vyao kwa mwingine. Tangu siku ile, hata kiraka sijaletewa.

Jana asubuhi nikakuta mfuko wangu ule wa chumvi mlangoni. Nikasema basi, posa imekufa. Nikaupeleka kwenye mizani ya duka la jirani: kilo tatu kasoro kijiko. Na fundo si langu. Umefungwa kwa uzi wa buluu, ule niliompa Furaha wakati wa Pasaka.

Sasa sielewi. Wameonja kutafuta sumu? Au nyumbani kwa kina Furaha kuna mtu aliyekubali kula na mimi? Baba yake bado anavuka njia akiniona.

Mtume mjomba, upesi. Si kwa maneno matamu. Aje aseme mbele ya wale tisa kwamba kwetu chumvi ni heshima. Mimi mfuko sijaufungua.

Nisalimie mama, na shangazi anayefinyanga vyungu. Shemeji anayekusomea barua hii, nampa mkono. Ile sehemu ya polisi asiisome kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
Ramazani, fundi wa nguo, si kitu kingine.