Kyungu, Nimebadilisha Tiyo za Kombi

Kyungu wangu,

Utacheka kuona naandika Kiswahili cha katekisimu. Sikuzote ulisema nikishika kalamu nageuka padri. Basi, vumilia. Kile cha nyumbani kinanishinda siku hizi, maana nikikianza tu nakusikia ukinijibu kabla sijamaliza, na sina nguvu ya kubishana na mtu ambaye hayupo.

Habari yenyewe ni hii: nimebadilisha tiyo za esansi za ile kombi, ile mipira inayopeleka petroli kwenye injini. Mimi, Kabange, fundi wa nguo, niliyekushikia tochi miaka yote ile wewe ukiwa umelala chini ya gari unanitukana. "Mulika kwenye minaangalia, haina kwenye unaangalia weye!" Nilikuwa nikikumulika machoni kwa makusudi. Sasa naweza kukuambia.

Hii ni wiki ya tano tangu ututoke, na hapa Makomeno hakuna aliyelia. Unajua sheria ya kwetu: pacha haliliwi, kwa sababu akililiwa, yule aliyebaki anasikia na kumfuata. Siku walipokuleta kutoka hospitali, Mama alisimama mlangoni akiwa amejifunga kitenge kiunoni, akawaambia watu wote, "Hapa hakuna kulila. Miye nimebakia na moja." Bibi zetu wa Manono wakaanza nyimbo za mapasa, zile za matusi wanazoimbiwa pacha. Wakamtukana Mama, wakamtukana marehemu Baba na kila kitu chake, mpaka padri akawa anatazama viatu vyake. Ungependa sana. Mimi pia niliimba. Watu wakasema, "Kabange eko na nguvu!"

Nguvu gani? Sisikii kitu, Kyungu. Wanadhani nazuia machozi. Hakuna cha kuzuia. Naamka, nakanyaga cherehani, nakula kwa sababu sahani iko mbele yangu. Wiki iliyopita sindano ilinipenya kidole, nikaiangalia kwanza kabla ya kukumbuka kwamba inauma.

Lakini Mama anazuia kweli. Kila siku baada ya kula, na siku zile alikula bukari tonge mbili tu, alikuwa anatoka uani, anapanda kombi na kufunga mapazia. Nikafikiri anasali rozari. Siku moja nilimpelekea chai bila kubisha hodi. Nikamkuta amekaa kwenye kile kitanda cha nyuma, ameuma kitenge kwa meno, mabega yanatetemeka, macho makavu. Aliponiona alikitoa kinywani, akakikunja vizuri magotini, akaniuliza kama nimetia sukari.

Nilikaa kando yake. Unakikumbuka kile kitanda? Mzungu aliyekuwa mkubwa wa Baba kule reli alipoondoka alimwachia ile gari na vyote vya ndani: kitanda, sinki ndogo kama sahani, mapazia ya maua. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kuona gari lenye mapazia. Tulipokuwa tunakwenda Likasi kwa shangazi tulilala pale, kichwa changu kwenye miguu yako, na ulinipiga mateke njia nzima. Mama alitununulia soksi nene za namna moja ili mateke yasiumize. Vitu vyote vilikuja viwili viwili kwetu. Hata fimbo: ukivunja dirisha wewe, tunapigwa wote, ili mmoja asionekane amependwa kuliko mwingine.

Mama aliuliza, "Hii kombi inaweza kutembea?"

Nikamwambia haijawashwa tangu uugue, na wewe mwenyewe ulikataza isiwashwe kabla ya kubadilisha tiyo.

"Uibadilishe," akasema. "Ile injini iko na makelele. Muntu akiwa mbele, hasikie ya nyuma."

Nilielewa. Alitaka mahali pa kukulilia bila mimi kusikia.

Ningeweza kumwita fundi. Wenzako wa gereji walijitolea, wote, na walikuja na soda. Nikakataa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu wangeongea sana juu yako. Nikaenda sokoni kwa wauza vipuri, kwa yule mzee wa Butembo mwenye ndevu nyeupe uliyekuwa unamwita "Baba Mkwe" ingawa hana binti. Nikaomba tiyo za esansi na kolye zake, zile pete za chuma za kukazia, za kombi. Nikasema, "Nipe mara mbili." Akapima, akakata, halafu akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, uko na kombi mbili?"

"Moja."

"Sasa hii ingine ni ya nani?"

Nilisimama pale kama mjinga. Miaka hamsini na mbili nimezoea vitu viwili viwili, mdomo ulijisemea wenyewe. Nilibeba zote. Ile ya pili iko chini ya cherehani na sitaki mtu aiguse.

Sasa nikueleze kazi, maana najua ungenihoji. Nilitoa waya wa betri kwanza. Nikamwaga esansi ya tanki kwenye bido, lile dumu la plastiki, pale nje, baada ya kumfukuza jirani na sigara yake. Halafu nikachomoa zile tiyo za zamani. Unajua nilikuwa nazisifu, kwa sababu zimevikwa kitambaa kilichosokotwa vizuri, kazi ya mtu anayejua. Kitambaa kilikuwa kizima kabisa. Nikakipasua kwa wembe wangu wa kufumulia mishono, na mpira wa ndani ukabomoka vidoleni kama ganda la mkate mkavu. Zote nne. Wewe ulijuaje bila kupasua? Ulikuwa unazikunja tu kidogo na kutega sikio.

Nikupe ukweli mwingine. Kama ni mimi peke yangu ningekuwa naiendesha, nisingezibadilisha. Ningeiwasha vilevile, na iwe itakavyokuwa. Lakini kitanda cha nyuma kiko juu ya injini. Mama angekuwa amekalia moto.

Basi nikapima kwa futi yangu ya ushonaji, nikaongeza upana wa kidole kila upande, kama ulivyokuwa unasema. Kolye nilizikaza polepole. "Kaza, usinyonge," hilo nalo ni lako. Tiyo tatu ziliingia bila shida. Ya nne, ile inayopita kwenye tundu la bati nyuma kabisa, ambako jicho halifiki, ilinichukua mchana mzima. Mkono wako ulikuwa mkubwa mno kwa pale. Sasa nimejua kwa nini kila mara ulitoka na damu na hasira. Mimi niliifunga kwa vidole tu, nimefumba macho, kama ninavyotia uzi kwenye sindano. Kwa hilo nimekushinda, ukubali.

Nikarudisha esansi kwenye tanki na waya kwenye betri, nikapiga starta. Mara ya tatu ikashika. Nikapitisha kidole chini ya kila kiungo, kimoja kimoja. Kavu. Nikazima, nikasubiri, nikawasha tena, nikapapasa tena. Kavu. Nilidhani nitafurahi.

Jumapili baada ya misa Mama alipanda nyuma, akafunga mapazia, hata lile la kati linalotenganisha dereva. "Enda polepole," akasema, "lakini usizimishe."

Nikashika njia ya Karavia, ile ya kwenda ziwani. Mwanzoni kulikuwa kimya huko nyuma. Tulipovuka reli nikasikia mlio mwembamba, nikadhani ni mkanda wa injini umelegea, na nikaanza kukulaumu kwa kutonifundisha mikanda. Halafu ule mlio ukavuta pumzi.

Nikarudi gia ya pili ili injini ipige kelele zaidi. Nikaendesha hivyo, gia ya pili, watu wa njiani wakinionyesha ishara kwamba naua gari. Nikalizunguka lile ziwa, nikarudi, nikalizunguka tena. Macho mbele. Mikono kwenye usukani.

Lakini ile kombi haina kelele kama Mama anavyofikiri. Nilisikia yote. Nilimsikia akikuita kwa jina lako, halafu kwa lile la utotoni. Nilimsikia akikuomba msamaha. "Unisamehe, mutoto yangu. Sikukulilia juu ya uyu mwenzako. Umuachie uyu, Kyungu. Umuachie." Alilisema hilo mara nyingi sana, mpaka sauti ikamkauka.

Tulipokaribia nyumbani pazia la kati likafunguka. Uso ulikuwa umemvimba, na amejipaka poda.

"Ulisikia kintu?"

"Hapana, Mama. Injini tu."

"Ile injini iko na makelele."

"Sana."

Jioni ile alikula bukari yake yote, akaomba samaki mwingine. Nikamtazama akitafuna. Nilifurahi kumwona anakula, Kyungu. Kidogo, lakini nilifurahi.

Ni siku ya nane leo tangu nisikie kile kilio. Mama ananichungulia kila asubuhi kama napumua, anajifanya amekuja kutafuta mkasi. Napumua. Machozi yangu bado hayajatoka, na sijui kama yatatoka.

Neno lililonifanya niandike ni hili, na sitamwambia mtu mwingine. Mama alikuwa anakusihi usije kunichukua, na mimi, wiki zote hizi, nilikuwa nakusubiri. Sikuwa na huzuni wala hofu. Nilikuwa nimekaa tu, kama mtu aliyeambiwa ndugu yake yuko njiani. Kila jioni nilifikiri, labda leo.

Usije. Nimebaki na Mama, na yeye amebaki na moja. Sitakusubiri tena.

Msalimie Baba, na ukae vizuri huko uliko.

Mimi wa tumbo moja nawe, niliyezaliwa nyuma yako,
Kabange