Jioni Ndiva Ilipoachwa Wazi

Shamba la mkonge, karibu na Voi, Kenya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua chako kimepoa? Na baba, mguu wake je? Mimi mwili ni mzima. Kisicho kizima nitakuandikia, maana mdomoni kimenishinda tangu mwaka juzi.

Huku naandika majina ya wakata mkonge, na kuwasomea mafundi karatasi za Kiingereza. Bendera ni ile ile ya Mwingereza kama kwetu Tanganyika, ukame ni ule ule. Ila hapa ipo injini inayovuta maji kisimani hadi tangini. Kila jioni miguu hunipeleka kutazama kama tangi limefungwa. Fundi, Mkamba mmoja mcheshi, hunicheka: "We Mpare, nenda ukale! Injini si ng'ombe, haitoroki."

Nacheka naye, kisha naenda kulia nyuma ya ghala.

Mama, unakumbuka asubuhi ile ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba, ilipokutwa tupu, na zamu ya maji ilikuwa ya Mama Namsifu? Mahindi yake yakakauka. Mjane yule akateremka Maore, huko tambarare, na wanawe kulima mashamba ya watu. Wazee wakamtoza baba mbuzi. Mdogo wangu Elia akasema, "Nilisahau kuziba tundu la ndiva." Baba akamtoa shule: "Asiyeweza kulinda maji atalinda kitabu?"

Si Elia. Jioni ile nilimkuta njiani, nikamwambia arudi, nitaziba mimi. Nilitaka mahali pa kusomea. Nikakaa juu ya jiwe na kitabu changu cha Kiingereza, nimalize ukurasa huu tu, na huu, hata giza likaingia nikarudi nyumbani bila kugusa tope la kuzibia tundu. Mbele ya wazee Elia alinitazama, akingoja niseme. Nikatazama miguu yangu. Ndipo akasema yeye.

Huku mtu akisahau, injini huvuta tena kesho. Kwetu tope kidogo likikosekana, nyumba nzima inahama. Nami nililijua hilo tangu utoto.

Mwombe baba amrudishe Elia shuleni. Nikipewa ruhusa nitakuja nisimame mbele ya wazee, kisha niende Maore.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na babu anayepiga pembe ya msaragambo watu wakiitwa kusafisha mifereji.

Elia, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama barua hii. Najua ulivyo, utakuwa umeruka pale penye jina lako. Rudi juu. Soma tena, kwa sauti, baba asikie.

Ni mimi mwanao, niliyesahau kuziba,
Nehemia