Kopo la Aiskrimu

Mwenzangu, leo nimeharibu.

Nilitaka baba ale kitu chepesi mchana. Nikakuta kuku wa kubaki kwenye friza, ndani ya kopo la zamani la aiskrimu. Nikamchambua, nikamchanganya na kabichi, karoti na mayonezi, nikamkunja ndani ya chapati za jana. Nikajiona mpishi!

Baba aling'ata mara moja tu, akaiweka chapati kwenye sahani. "Huyu kuku umemtoa wapi?"

Kwenye friza, baba.

"Alimpika mama yako."

MAMA!! Kuku wa mwisho aliyempika kabla hajalazwa hospitali! Mimi nilidhani amesahaulika tu humo, kumbe mzee alikuwa anamtunza tangu msiba na wala hasemi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliifungua chapati, akafuta mayonezi kwa kidole, akala kuku kipande kimoja kimoja, polepole, mpaka akammaliza. "Alimpika mama yako," akarudia, kama vile nimembishia.

Halafu akaniambia kwa upole, "Hilo kopo usilioshe, mwanangu."

Nimeshaliosha. Liko hapa kwenye sinki, linanukia sabuni.